Nilimsamehe Nyumbani, Kortini Sikwenda

Msomaji mwenzangu, kosa ni langu, na sitaki kulisukuma kwa mtu mwingine. Nisikilize kwanza, halafu unihukumu upendavyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Garsen. Kijijini kwetu, si mbali na Kulesa, mtu akipata barua ya serikali huja nayo kwangu. Namwekea kigoda, namsomea, namweleza polepole mpaka aelewe. Kazi hiyo niliipenda mno!

Mwaka mmoja kabla ya yale mafuriko makubwa, jirani yangu, mchungaji wa Kiorma nitakayemwita Guyo, alichukua baiskeli yangu akaiuza Minjila. Nilikasirika! Siku hiyohiyo nikaenda polisi kuandikisha taarifa, naye akakamatwa.

Wiki ya pili wazee wa kwao na wa kwetu wakakaa. Wakaamua nilipwe mtamba mmoja wa ng'ombe, nikakubali. Dua ikasomwa, nikala wali na nyama sahani moja na ndugu zake. Mzee mmoja akanitania: "Mwalimu, sasa utakwenda shule kwa miguu. Hilo tumbo litapungua!" Tukacheka.

Mama yake Guyo hakucheka. "Mwalimu, mtoto yangu atatoka lini?"

Hapo ndipo nilipokosa, jamani! Ningesema sijui. Badala yake nikaanza kufundisha. "Mama, kesi ni moto, na mlalamishi ndiye kuni. Nisipokwenda kortini, itazimika yenyewe." Hata mashahidi wangu wawili nikawaambia, "Msiende, mkionekana tu mtamfunga." Wakanishukuru.

Samansi, ile barua ya kuniita kortini, ililetwa mara mbili. Mimi, msomaji wa barua za watu, nikaikunja na kuitia kabatini, nikijiona namsaidia Guyo.

Kumbe kila mwezi alipelekwa kortini, katika mji ulio mbali nasi, safari ya siku nzima barabara ikiwa kavu. Kila mwezi mwendesha mashtaka alisema mashahidi hawajafika, na hakimu akaahirisha. Dhamana alipewa, lakini mdhamini mwenye hati ya shamba angempata wapi kwa watu wa ng'ombe?

Mama yake alikuwa akija. "Mwalimu, bado." Nami namtia moyo: "Vumilia, Mama. Sheria ina hatua zake." Nilisema hivyo kwa upole wote! Kisha maji yakaja, barabara ikakatika, na kwa miezi hatukupata habari yoyote.

Ilipofunguka nikaenda mwenyewe rumande. Guyo nilimtambua kwa sauti tu. Amekonda, anakohoa, mikono imejaa upele.

"Hapa twalala ubavu," akasema. "Mmoja akigeuka, wote wageuka. Mwalimu, mimi nilimwambia hakimu tumepatana. Akasema mlalamishi aje aseme. Kila mwezi naangalia mlango, nasema leo atakuja."

"Nilidhani nisipokuja ndiyo nakusaidia."

"Nani alikwambia hivyo?"

Hakuna aliyeniambia!

Nikamkimbilia mwendesha mashtaka, nikamsimulia yote. Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto aliyesahau kazi ya nyumbani.

"Mwalimu, ungekuja siku ya kwanza ukasema unaondoa malalamiko, pengine angelala kwao. Huo msamaha wenu wa wali na nyama mimi ningeuonea wapi?"

"Nipo sasa. Nipeleke kwa hakimu."

"Yule amehamishwa. Na faili haionekani tangu tulipohamisha makaratasi kuyakimbiza maji. Bila faili, hakimu mpya atasikiliza nini?"

Nimerudi mara nne. Mara nne nimekaa benchi la mbele, Guyo akasimamishwa, faili ikatafutwa, akarudishwa. Wapo walioiba zaidi kuliko yeye, wakakiri, wakafungwa, wakamaliza, wakaenda kwao! Yeye hajahukumiwa, kwa hiyo hana hata siku ya kuihesabu. Kuna karani aliyenong'ona kwamba wa namna yake mle ndani ni wengi. Sikuwa na nguvu za kumuuliza wangapi.

Kijijini hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana! Mama Guyo bado hunisalimu, ila haniulizi tena. Barua naendelea kuletewa, na siku hizi mara nyingi nasema, "Hili silijui, tukaulize." Ninaona aibu kwamba maneno machache hayo yalinishinda siku ile.

Ndugu zangu, mliopatana na mtu nyumbani mmefanya vizuri, msiache kupatana. Lakini kama jina lako liko polisi, jua kwamba korti haikuwepo mlipokula. Siku ya kesi nenda. Chukua wazee wawili. Simama umwambie hakimu kwa kinywa chako kwamba umesamehe, na ungoje mpaka uone imeandikwa. Usipojua njia, muulize karani, hakuna ubaya. Na usimweleze mtu usichokijua, hasa mama aliye na mwanawe ndani, kwa sababu atakuamini!

Jumatatu kesi inatajwa tena. Nitakuwa pale benchini. Sina kingine ninachoweza kufanya.