Bafle za Gari Lililonuka Mawese

Ninyi niliokua nanyi Kalemie, kabla simu hazijajifunza kuimba, semeni kama naongopa: muziki ulikuwa kitu cha kufuatwa kwa miguu. Ukiusikia unadunda upande wa soko, unaacha sahani na kukimbia. Wavulana walitengeneza magari ya waya na mikebe ya maziwa, na hata magari yale yalikuwa na bafle zake, spika za vizibo vya chupa vilivyopigiliwa ubavuni, na mwenye gari mwenyewe ndiye aliyekuwa redio, akiimba kwa pua mpaka aitwe kuoga. Sisi wasichana tuliruka kamba barabarani hadi vumbi lifike magotini. Jioni tulikula bugali na ndagala, vile vidagaa vya ziwani, katika sahani moja, na aliyechelewa alikuta mchuzi. Mama alikuwa na msemo wake kwa wachelewaji: tumbo halina saa, lakini chungu kinayo.

Papa alikuwa karani wa reli. Baada ya miaka mingi ya kutembea kwa mguu kwenda biro, ofisini kwake, alinunua gari dogo jeupe, la usukani wa kulia, lililovuka ziwa kutoka Kigoma likiwa limekwisha kuchoka. Asubuhi tulilisukuma sisi watoto mpaka kwenye mteremko, likikohoa na kuwaka tunashangilia. Nalipenda gari lile hadi leo. Lakini bafle zake, spika zile za mlangoni lilizotoka nazo kiwandani, zilikuwa za aibu. Karatasi zake za kutolea sauti zilikuwa zimeliwa na jua na unyevu wa ziwa. Ukiongeza sauti zinakoroma, ukipunguza zinanyamaza kabisa. Askofu akihubiri na mwanamke akitangaza bei ya samaki, kwetu walikuwa mtu mmoja mwenye mafua.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejali. Tulikuja kujali kwa sababu ya Yaya Feza, dada yetu mkubwa.

Enzi hizo majina ya waliofaulu Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yalisomwa redioni shule kwa shule, jina kwa jina, na asilimia zake. Mwaka uliotangulia Yaya Feza alikwenda kusikilizia kwa jirani, kwenye ua uliojaa watu. Shule yake ilisomwa ikaisha, jina lake halikutajwa. Ilibidi ainuke mbele ya wote, apite katikati ya magoti ya watu mpaka barabarani, na wapo waliocheka. Alifika nyumbani akalala na viatu miguuni. Aliacha kwenda kwaya, aliacha hata kuchota maji saa ambazo wenzake wanachota. Akarudia mwaka, akafanya mtihani tena, na siku za matokeo zilipokaribia alimwambia Papa kwamba safari hii hatakwenda kusikilizia kwa watu. Atasikilizia kwetu, au hatasikiliza.

Papa alimwelewa. Lakini kwetu kulikuwa na nini? Umeme ulikuja siku uliyojisikia kuja. Redio ndogo ya mabuwe, zile betri ndogo, babu alikuwa amekwenda nayo shambani kwake Nyemba, na kumwomba babu redio yake ilikuwa sawa na kumwomba jino. Kitu cha kutegemewa kilikuwa batri ya gari. Redio ya gari ilishika vizuri stesheni ya mjini. Tatizo lilikuwa kwenye bafle tu.

Mwenye uwezo angeagiza mpya ng'ambo ya ziwa. Papa alikwenda sokoni kwa wauza vyombo vilivyokufa, akarudi na bafle mbili zilizong'olewa katika redio-kaseti kubwa ya zamani. Moja ilikuwa na tundu, akaliziba kwa karatasi laini na gundi, akaiweka kivulini ikauke kama mtu anayeanika dawa. Zilikuwa pana kuliko matundu ya mlango, kwa hiyo akachonga pete za mbao nyembamba ya triplex na kuzifunga hapo, bafle ikae juu yake. Nyaya nyembamba za kiwandani akazitupa, akapitisha waya wa pasi yetu iliyoungua. Sisi tulishika skrubu viganjani na kugombana nani ashike tochi. Papa hakuwa fundi, jamani. Alikuwa mtu wa kalamu. Alikosea, akafungua, akafunga upya, na sikumsikia akikasirika.

Tukawasha. Sauti ilitoka kubwa, lakini tupu, na mlango mzima ukatetemeka kama bati wakati wa mvua. Papa alizunguka gari mara kadhaa. Ni Mama aliyeinama, akaweka kiganja mlangoni, akakipitisha polepole kuizunguka ile mbao.

"Papa Feza," akasema, "mulango huu unavuya. Sauti inakimbilia nyuma."

Mama alizaliwa pwani ya ziwa, kwa watu wa mitumbwi ya mbao, na utoto wake wote alishindilia pamba yenye mawese kwenye nyufa za mitumbwi ya kwao ili maji yasiingie. Papa alicheka kwa furaha, akampisha. Mama akaleta pamba, akaleta chupa ya mawese ya jikoni, akaketi chini na patasi butu, akaanza kuziba kila upenyo kuzunguka zile pete. Papa naye kwa upande wake alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akabandika vipande kwenye bati la mlango lisitetemeke. Walifanya kazi bega kwa bega, mikono imejaa mafuta, wakitaniana juu ya nani ataliendesha gari na nani atalipiga kasia. Sijapata kuwaona wazuri kuliko siku ile.

Tulipowasha tena, sauti ilikuwa imeshuka chini, nene, ya kifuani. Mtangazaji akimeza mate unasikia. Na jambo lililomfurahisha Papa kuliko yote ni kwamba hata ukipunguza mpaka mwisho kabisa, kila neno lilibaki zima. Bafle ya kupiga kelele hata mulevi anayo, alisema, nzuri ni ile inayonong'ona na ukaisikia.

Gharama yake ilikuwa harufu. Jua likipiga, gari letu lilinuka sahani ya sombe, kisamvu cha mawese. Siafu walilijua, mbuzi wa jirani alikuja kulamba mlango, na majirani walimwuliza Mama gari litaiva lini. Papa alipita barabarani vioo vimefunguliwa, muziki mwororo, kichwa juu, akinuka chakula cha mchana.

Basi habari ikaenea. Siku ya matokeo, mchana, watu walianza kuingia uani kwetu na vigoda vyao. Wazazi wenye watoto wao wa kusomwa, wasio na watoto wa kusomwa, wapenda mambo tu. Papa alikuwa akibeba mabenchi, akipokea sifa za bafle zake huku na huku, mpaka alipoinua macho akamwona Yaya Feza amesimama kwenye mlango wa jiko, amejishika mikono. Nilimwona Papa akiliweka benchi chini. Alikuwa amemtengenezea binti yake ua uleule wa jirani, safari hii nyumbani kwao, ambako hakuna pa kukimbilia.

Wageni hawafukuzwi. Na wale wazazi walikuwa na haki ya kusikia watoto wao. Papa alisimama karibu na gari, akawaambia kwamba redio ni ya wote, isipokuwa wakifika kwenye lisé ya masista, ile sekondari yao, ambako katika avenyu yetu nzima alisoma Feza peke yake, wampe gari. Wakimaliza, wote wanarudi. Hakuna aliyekataa. Baba mmoja alivua hata kofia.

Shule zikasomwa. Hapa vigelegele, pale mtu akatoka kimya, na watu wakampisha. Kisha mtangazaji akataja lisé. Papa alimshika Yaya mkono, akamketisha kwenye usukani, akapandisha vioo vyote, akashusha sauti mpaka nje pakawa kimya.

"Sikiliza weye mwenyewe, mwanangu," alimwambia. "Iwe iwavyo, sisi tuko hapa."

Akafunga mlango, akaligeuzia gari mgongo, akasimama hivyo kama mlinzi.

Sisi tulimtazama Yaya kupitia kioo. Midomo yake ilikuwa ikifuata majina ya wenzake. Mama hakuweza kutazama, alikunja na kukunjua pembe ya kitenge chake. Mara Yaya akainamisha kichwa, paji la uso likagusa usukani, akakaa hivyo.

"Anafanya nini?" Papa aliuliza bila kugeuka.

"Ameinama," nikamwambia. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua ni jibu baya. Papa alifumba macho.

Kisha tukasikia kioo kikishuka, kwa shida, maana kile cha dereva kilikuwa kigumu siku zote. Yaya alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Papa," akasema, "wamenisoma."

Sikumbuki mpangilio wa yaliyofuata. Nakumbuka poda, ile anayomwagiwa aliyefaulu, kopo zima, juu ya kichwa cha Yaya, juu yetu, juu ya gari, ikaganda kwenye mawese. Nakumbuka wanawake wakipita barabarani wakiimba, na Yaya mbele yao, mweupe kama unga wa muhogo. Na namkumbuka Papa. Mtu aliyezitengeneza bafle zile kwa mikono yake ili asikie jina la mtoto wake likisomwa, hakulisikia. Jioni alimwomba Yaya amwigizie mtangazaji, na Yaya akaigiza, jina kamili na asilimia, na Papa akasema hebu tena. Miaka yote aliyobaki duniani, mgeni akija nyumbani, alimwomba hebu tena.

Siku hizi mambo ni mepesi, nami sitaki kuwa mzee wa kulalamika. Mwaka jana kijana wangu wa kwanza naye alingoja matokeo. Alikuwa chumbani mwake, ametia vile vidude masikioni, vinavyotoa muziki safi ambao Papa angeulilia. Ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Alikuja kuniambia nikiwa jikoni, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha: Mama, nimefaulu. Akageuka kurudi chumbani.

Nilipiga vigelegele, peke yangu, mwiko mkononi, kwa nguvu zote nilizonazo. Kijana alichomoa kidude kimoja sikioni, akachungulia mlangoni kwa wasiwasi.

"Mama," akauliza, "kuna nini?"