Muuza Viatu Katika Somo la Asilimia

Mwalimu mkuu alimfahamu muuza viatu kwa kubishana naye bei. Safari hii alimjia na tableti mkononi. Kesho yake mkaguzi angekuja kupima kama mafunzo ya kidijitali yamemwingia, la sivyo ukuu wa shule ungekwenda kwa mwingine. Video ya asilimia aliyopewa mafunzoni ilihusu watu wanaoteleza kwenye theluji, na watoto waliitazama kama mbuzi aliyepigiwa gitaa.

“Kaka, nikurekodi ukipatana na mteja.”

“Sawa, mwalimu, ila bango la duka lionekane.”

Asubuhi tableti iligoma kuwaka, mkaguzi keshakaa. Ilipowaka na video ya muuza viatu kuanza, darasa zima likacheka kwa kumtambua jirani yao.

“Bei ya viatu vile naijua,” binti mmoja akasema. “Ameitaja maradufu, kisha akapunguza asilimia hamsini. Mama wa watu aliyenunua hakupunguziwa kitu.”

Mkaguzi akaipiga hesabu ile kwenye daftari lake, kisha akasema, “Umefaulu, mwalimu.”

Mwalimu mkuu akabaki na kiti chake. Muuza viatu alipata jina mtaani, ila tangu hapo kila mzazi huanza kwa kumkatia nusu ya bei.