Mwenye Banda na Simu ya Mwalimu

Mwezi uliopita nilikwenda Tukuyu kuwasalimu ndugu, nikapita pale Kawetele palipokuwa na banda letu la video. Halipo. Pamefunguliwa duka la mbolea, na anayeuza hajui kwamba hapo alipoketi tulikuwa tukibanana juu ya mabenchi ya miti ya mlingoti, tunanuka masweta yaliyolowa mvua na mahindi ya kuchoma, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Bila shaka nawe ulikuwa na banda lako mahali fulani, kwa hiyo unanielewa.

Tulipenda zaidi picha za wale watu wenye nguvu za ajabu, wanaoruka juu ya maghorofa huku majoho yao yakipepea. Kwetu dunia ilikuwa na watu wa aina mbili, steringi na adui, na sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Picha ikianza, kazi yetu ya kwanza ilikuwa kutambua nani ni nani, ili tujue tumshangilie yupi. Tukishindwa tulimuuliza mwenye banda, kijana mrefu mpole aliyekaa mlangoni, naye alitujibu tusubiri.

Mwalimu wetu wa darasa la nne hakulipenda banda, ila hakutukataza. Alikuwa na simu, wakati ule simu zilikuwa chache kijijini, na ilikuwa ikilia kwa wimbo wa kanisani uliotengenezwa kwa vile vilio vyembamba vya simu za zamani. Ikilia darasani tuliufuata wimbo chini chini hadi acheke.

Mwaka ule wa mvua nyingi tulikwenda Suma kuimba kwaya na shule nyingine. Wakati wa kurudi tulipakiwa pamoja na mwalimu nyuma ya pikapu, juu ya mikungu ya ndizi, na ukungu ukashuka hadi hatukuuona tena ukingo wa barabara. Kwenye kona gari likateleza, likabingirika bondeni, likalala kifudifudi kwenye kijito. Kuanzia hapo nakumbuka vipande tu: mvua ikipiga bati, harufu ya petroli na ndizi zilizopondeka, kisha mgongo wa mtu.

Alikuwa mwenye banda. Alikuwa akitoka kununua mafuta ya jenereta, akasikia vilio, akashuka. Alitupandisha mmoja mmoja kupitia shamba la chai, miguu ikiteleza, akashuka tena na tena. Watoto wote tulitoka hai. Mwalimu alikuwa amebanwa na gari, na watu walipofika kulinyanyua alikwisha kufa.

Basi tukawa na steringi wetu wa kweli. Bibi yangu, aliyenilea, alimpelekea jogoo. Akina mama walikuwa wakimsimamisha njiani ili wamshike mikono tu.

Wiki kadhaa baada ya mazishi, Jumapili mchana, tulikuwa bandani. Katika picha ya siku hiyo steringi alikuwa ameangusha daraja zima ili amnase adui, na adui huyo ndiye aliyerudi majini kumtoa mtoto aliyetumbukia. Hatukujua tumshangilie nani. Ndipo simu ikalia kwenye rafu iliyokuwa juu ya televisheni, ilikochomekwa kwenye chaji. Ulikuwa wimbo wa mwalimu.

Ilikuwa kana kwamba ameingia na kusimama gizani pamoja nasi. Ikakatika, ikalia tena. Baadaye tulijua kwamba mke wa mwalimu alikuwa akiipiga namba ile mara kwa mara ingawa haipatikani, na siku ile ikapatikana. Simu ilikuwa imelowa kijitoni. Mwenye banda alikuwa ameianika, sasa anajaribu kama imepona.

Aliitazama hadi iliponyamaza. Akazima jenereta, akaichomoa, akatoka nayo mkononi waziwazi, wala hakuificha. Tulimfuata kwenye manyunyu hadi kwa mwalimu. Mjane alikuwa barazani akimenya ndizi pamoja na bibi yangu, ambaye alikuwa akishinda kwake tangu msiba. Mwenye banda akapiga goti, akamkabidhi simu kwa mikono miwili.

Mama yule aliipangusa kwa kanga. Kisha akauliza, "Ulipoitoa mfukoni mwake, alikuwa anapumua?"

"Hapana, mama. Niliposhuka mara ya kwanza alikuwa hai. Aliniambia nianze na watoto. Nilipomrudia alikuwa amenyamaza."

"Ndipo ukachukua simu."

"Ndipo nikachukua."

Vijana walitaka kumpiga, wazazi wetu wakawazuia. Wengine waliacha kumsalimu. Kabla mwezi haujaisha alifunga banda akahama, na sikusikia tena habari zake. Lakini maneno aliyoyaleta yalibaki. Mchungaji aliyasema kanisani, na mjane akayaandikisha kwenye saruji ya kaburi: Anza na watoto. Watu waliyasoma wakalia, halafu wakiwa njiani kurudi wakanong'ona kwamba aliyeyasikia ni mwizi peke yake.

Nilimuuliza bibi kama yule mtu ni steringi au adui. Hakuyajua maneno hayo vizuri. Alisema, "Mimi nilichokiona ni kwamba wewe ulirudi. Na mwenzangu mke wa mwalimu aliona wake hakurudi."

Safari hii nilikwenda kumwamkia yule mama. Amezeeka, anaota jua mlangoni, macho yamefifia. Tuliongea habari za watoto na bei ya viazi, kisha akanishika kifundo cha mkono.

"Wewe ulikuwemo kwenye gari," alisema. "Ulimsikia akisema?"

Kwa miaka yote hii hakuwahi kuniuliza. Nimejaribu mara nyingi kulisikiliza bonde lile, na sijawahi kusikia mtu akisema neno. Nikamwambia, "Nilimsikia, mama."

"Ndaga, mwanangu," akashukuru. "Maana yule bwana sikujua nimwamini au nisimwamini." Akanivuta karibu. "Sauti yake ilikuwaje?"

Nilisema ilikuwa tulivu, kama anapotusomea imla. Akafumba macho aisikie. Nami nikafumba yangu nimtafute mwalimu wangu, nikagundua sikumbuki kabisa alivyokuwa akiongea. Sauti iliyonifundisha kusoma imepotea, na imebaki moja tu duniani, ile niliyomtungia mjane wake.