Permi ya Kanga Tano

Mwaka ule tulikula bukari, ule ugali wa mihogo, asubui na mangaribi, mboga matembele tu bila mafuta. Katanga ilikuwa imejitenga, nyama ilipotea ku soko. Na miye nilitaka kwenda Kasenga kuchukua bibi-arusi wa mutoto yangu Kalenga. Ndoa bila nyama? Haya ingeniua. Njo tukalipa permi, karatasi ya ruhusa ya kuwinda kanga tano.

Siku ya kwanza, Lubumbashi, ku buro ya Leta, ile serikali. Nilimuuliza karani kama ile feza anaikula yeye. Akacheka, asema inalipa balinzi ba pori, benye kuchunga ndege bakilalia mayai. Nikasema tutaona.

Siku ya pili, njiani. Kamyo ya samaki, tupu, iliturusha mpaka mifupa ikaimba. Tukashuka ku pori. Mulinzi akasoma permi, akanyoosha muguu: "Mama, hivi viatu, njo permi yenu." Kwanza akatuonyesha upande wenye kukatazwa. Bakanga! Bamama mbele, bitoto nyuma, bidogo bidogo, mulolongo muzima. Nilijiziba kinywa nisipige vigelegele. Zamani, asema, bantu balimaliza hata mayai. Upande ingine Kalenga akapiga tano, mulinzi akaandika tano.

Kasenga, mangaribi. Tata Chisenga, baba ya bibi-arusi, alitupokea na samaki mukubwa kama mutoto. Tukakausha kanga zetu ku moshi, tukacheza mpaka miguu ikavimba.

Asubui, kurudia. Bibi-arusi, Musonda, alikuwa amekwisha kupanda kamyo. Tata Chisenga akaleta kanga muzima ya pori, miguu ku kamba. Kwabo mugeni haendake bila nyongeza ya mwenye nyumba. Nikamuambia: "Kanga ya sita sibebe, hata nilale njaa."

"Unakataa mukono yangu? Basi mutoto yangu ashuke."

Musonda akashuka. Kalenga akanivuta kitambaa, eti nipokee tu, ni ndege moja. Nikawaza bile bitoto mu majani, nikakaza shingo. Musonda akamunyanganya baba yake ule kanga, akakata kamba.

"Tata, mama mukwe mwenye kukataa hata cha bure, hataiba byangu."

Tata akaangalia kanga inakimbia, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Tukapanda.

Sikusoma sana. Lakini ile safari ilinifundisha kama unaweza kulipa Leta, na ukaona kwenye feza inaenda: ku viatu vya mulinzi, ku bitoto bya kanga.

Leo batoto bane ba Musonda banapenda kunichokoza, miye mama ya baba yabo: Nkambo, na ile njaa yote? Ingekuwa leo, ungepokea?

Ninabajibu: "Kanga ya sita sibebe, hata nilale njaa."