Chafya za Chumba cha Kupimia

Mwaka wangu wa tatu katika kiwanda cha mikate, nilipewa chumba cha kupimia. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya mashine za kukandia, upande wa Westlands unaopakana na Parklands. Nilipima chumvi, sukari, hamira, na ule unga mweupe tuliouita dawa, unaofanya mkate uumuke vizuri. Nilijiona nimepanda cheo.

Miezi michache baadaye nikaanza kupiga chafya. Si moja wala mbili: nane, tisa, mfululizo. Wenzangu wa kwenye tanuri walizihesabu kwa sauti, na nikifika kumi walinipigia makofi. Nilicheka nao. Nani hana mafua Nairobi mwezi wa saba? Lakini ikifika Ijumaa kifua kilibana na sauti ilikauka. Mimi huimba besi kanisani, na mazoezi ni Ijumaa jioni. Mwalimu wa kwaya alinivumilia wiki kadhaa, kisha akanihamishia nyuma kabisa, karibu na mlango.

Aliyeshtuka ni mama mmoja wa Mombasa, msimamizi wa upakiaji. Alikuwa na umri wa mama yangu, nami nilimwita Mama tu.

"Mwanangu, haya si mafua," aliniambia tukinywa chai. "Mafua hayajui Jumatatu. Ukitoka mapumzikoni u mzima, ukifungua lile kopo la dawa umekwisha."

"Ni vumbi tu, Mama."

"Kwani kwenu hakuna vumbi?"

Nilikuwa nimetoka likizo kwetu Kakamega, siku kumi za kupukuchua mahindi, makapi yakiniingia hadi masikioni, na sikupiga chafya hata moja.

Nikaenda kliniki moja Parklands. Daktari, dada wa makamo, aliuliza ninafanya kazi gani, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ni siku gani unajisikia mzima?"

"Jumapili jioni."

"Na Jumatatu?"

"Mpaka saa nne hivi, nikishaanza kupima."

Alicheka kidogo, akaandika, akaniomba nimletee kidogo ya kila ninachopima. Niliporudi nilimletea unga wa ngano na ile dawa ya mkate kutoka kiwandani, vimefungwa vizuri. Alinitia vitone mkononi, kimoja cha vumbi la nyumba, kimoja cha unga wa ngano, kimoja cha ile dawa, akavidunga taratibu. Baada ya robo saa, pale penye kitone cha dawa palikuwa pamevimba kama nimeumwa na mbu mkubwa.

"Ndani yake mna kimeng'enya," alinieleza. "Ukikivuta puani kila siku, mwili unaweza kukifanya adui. Huu ni mzio wa kazini."

"Na mkate nisile?"

"Umekuwa ukila bila shida, endelea. Kopo ndilo usilifungue tena."

Akanipa dawa ya kuvuta ya kufungua kifua na barua ya kumpelekea meneja. Barua hiyo ilikaa mfukoni siku mbili. Niliogopa kufutwa. Siku ya tatu Mama aliniona nikiigusagusa.

"Barua haiivi mfukoni," alisema. "Twende."

Meneja aliisoma mara mbili. "Nani mwingine anapiga chafya?"

Nilitaka kusema hakuna, lakini Mama akatangulia: wawili wa upakiaji, na aliyepima kabla yangu aliacha kazi akikohoa. Meneja akaomba namba ya daktari.

Mwezi uliofuata ile dawa ya mkate ilianza kuja ikiwa ya majimaji, isiyotimka, na mifagio ikabadilishwa kwa mashine ya kufyonza vumbi. Wale wawili wakapelekwa kupimwa. Mimi nikahamishiwa duka la kiwanda katikati ya mji, ambako mkate hufika umeshafungwa. Kifua kililegea polepole, na kufikia Krismasi nilikuwa nimerudishwa mstari wa mbele wa kwaya.

Alhamisi Mama akija mjini huniletea mahamri. Tunayala nyuma ya kaunta, tumezungukwa na mikate, na kila mara mteja mmoja huuliza kama hayo nayo yanauzwa.