Maboksi Arobaini Yaliyofunguliwa

Chwaa! Wembe ukipasua nailoni. Mlio ule, dada wa mwenye duka anasema, haujamtoka masikioni. Siku ile alifika mlangoni mwa duka jipya akamkuta mdogo wake ameketi sakafuni, anafungua boksi la mwisho kati ya maboksi arobaini.

Lilikuwa duka la michezo ya mezani: drafti, sataranji, dhumna, na ile mipya yenye kadi na vibao vya rangi. Chumba kilikuwa cha dada, fundi cherehani. Mtaji nao ulikuwa wake, akiba ya kununulia cherehani ya pili. Muuzaji wa jumla aliahidi kupokea tena kisichouzika, mradi tu nailoni isiguswe.

"We mtoto, una wazimu?"

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minane.

"Nilikuwa napokea mzigo, dada."

Ndivyo mikono yake ilivyozoea. Kwa miaka ishirini na miwili alitunza stoo ya kiwanda cha samani, na hakusaini karatasi kabla ya kufungua na kuhesabu, skrubu kwa skrubu. Kiwandani walimwita Hesabu-Tena.

Wiki tatu zikapita. Wateja waliingia, wakainua boksi, wakaona limefunguliwa, wakalirudisha taratibu, kama watu waliokosea mlango wakaingia chumba cha mgonjwa.

Jumatatu iliyofuata dada akaja na tepu ya kupimia shingoni. Hakusalimia. Akapima ukuta, akapima dirisha.

"Cherehani itakaa hapa. Nisamehe, mdogo wangu. Nimevumilia nimechoka."

"Sawa, dada." Hakuinua macho. Alikuwa akipiga msasa kipande cha mbao, kidogo kama jino.

"Nini hicho?"

"Farasi wa sataranji. Boksi lilikuja na watatu badala ya wanne. Ningeliuza vile, mtu angefika kwake, apange kete zake kwa furaha, halafu aone pengo."

Dada akakichukua, akakigeuza kiganjani. Masikio yalikuwa makubwa mno.

"Farasi gani huyu? Punda mtupu!"

"Punda naye anaruka, dada."

Akacheka bila kupenda. Akavuta kiti. "Haya, nifundishe. Dakika tano tu."

Dakika tano zikala saa nzima. Muuza viatu wa jirani akaja kuomba chenji, akasahau chenji, akasimama nyuma yao. Mwishowe akauliza: yeye akitaka kukaa acheze, atalipa nini?

Dada alijibu kabla ya mwenye duka. "Utalipia saa, mama. Boksi si lazima ununue." Kisha akavua tepu shingoni, akaiviringa, akaitia mkobani.

"Haya, we mtoto, nimekubana. Sasa huu mchezo huwa unaumalizaje?"

Hesabu-Tena akainamia ubao.

"Sijui, dada," akasema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kupata mtu wa kufika naye mwisho."