Kipa Mfupi wa Lubudi

Kwa miaka kumi na mmoja nilisimama golini kwa klabu ya mtaa wetu hapa Kolwezi. Hakuna aliyenifukuza, goti langu ndilo lililonisemea. Jumapili moja mpira wa kona ulishuka taratibu mbele yangu, mpira ambao zamani ningeudaka huku nikipiga gumzo, nami nikauangalia tu ukipita. Kesho yake komite ikaniita.

Nilijua wananiaga. Prezida wa klabu, mfanyabiashara Mwislamu mwenye malori, ambaye mimi ni karani katika depo yake, alinipa kiti na soda.

"Merkato ya kuhamisha bachezaji inafungwa mwisho wa mwezi," alisema. "Tunatafuta gardien mupya. Weye njo utaenda kumutafuta. Nani mwingine anajua ile kazi?"

Kumtafuta mtu wa kukaa mahali pangu! Nilipomsimulia mke wangu, alicheka hadi akaweka mwiko chini.

"Ni sawa vile mi nikutafutie bibi wa pili," alisema. "Lakini wende. Ukikataa, batatuletea mubaya, na mi naangaliaka mechi zote."

Wa kwanza alitoka Kisenge. Alikuwa mrefu, akinyoosha mkono anagusa mtambaa wa goli bila kuruka, na komite ilimpenda kabla hajavaa glavu. Mazoezini aliruka vizuri kila alipoona simu inampiga picha. Ikipigwa kona, alibaki kwenye mstari akiwalaumu mabeki. Nilisema hapana. Prezida aliguna, lakini alinisikiliza, na yule kijana akarudi kwao.

Kisha dereva wetu mmoja, aliyezoea kupakia mahindi Lubudi, akaniambia kwamba kule kuna kipa ambaye watu wanakwenda uwanjani kumsikiliza. Kumsikiliza? Nikapanda lori lake.

Uwanja wa Lubudi uko karibu na reli. Nilijiweka nyuma ya goli, maana kipa hutazamwa kutoka pale. Mtu wenyewe alikuwa mfupi, nikavunjika moyo. Baada ya dakika tano nilielewa. Hakunyamaza hata kidogo. "Tata, mutu nyuma yako! Kaka, rudia kushoto, ni hivyo, ni hivyo!" Mabeki wake walitembea kana kwamba amewafunga kamba. Mpira ulifika kwake umeshachoka, akaupokea kwa mikono laini. Alipofungwa bao moja, aliokota mpira mwenyewe, akakimbia nao hadi katikati huku akicheka. Nilimwonea wivu, sitaficha. Halafu wivu ukayeyuka, nikabaki namtazama kwa raha tu.

Baada ya mechi nilimweleza nilichofuata, naye akanipeleka kwa prezida wao, mama mmoja muuzaji wa mahindi. Kipa mwenyewe alitaka kuja Kolwezi, kwa sababu mke wake alikuwa mpishi wa kantini huku kwetu, upande wa Kingamyambo, na walikuwa wakionana mara moja kwa mwezi. Mama alilijua hilo.

"Siwezi kumukatalia mutu bibi yake," alisema. "Lakini tungali na mechi tatu. Mukimukamata leo, siye tutabakia na nani?"

Nilianza kuhesabu kwa vidole siku zilizobaki. Akaangalia mikono yangu, vidole viwili vilivyopinda.

"Na weye, tata? Weye haukukuwa gardien?"

"Nilikuwa, mama. Sasa goti..."

"Mi naulizia mikono. Goti utalifunga kitambaa."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikampigia prezida wetu simu. Nilipomaliza kueleza nikasikia kicheko chake kikubwa, akaniambia nisaini kwa niaba yake. Ndivyo barua mbili za kuhamisha wachezaji zilivyosainiwa juu ya meza moja, ya yule mfupi kuja Kolwezi, na yangu mimi kwenda Lubudi, mechi tatu tu.

"Huku bamekuchoka, kule banakuomba," mke wangu alisema akinisugua goti kwa mafuta. Nilimwona amefurahi.

Mechi ya kwanza tulifungwa mawili. Ya pili tulitoka sare. Katika hizo mbili nilijifunza jambo ambalo miaka kumi na mmoja haikunifundisha: kusema. Kwa kuwa sikuweza tena kuruka, niliita, nikaonya, nikasifu, sauti ikanikauka. Mechi ya tatu wapinzani hawakupiga mashuti zaidi ya manne, yote mikononi mwangu. Tulishinda moja bila.

Mama alinisindikiza hadi kwenye lori na gunia la viazi vitamu. "Ukipata kupona goti, kuya tena huku," alisema.

"Halitapona, mama."

"Basi kuya vile vile."

Kolwezi nilikuta yule mfupi ameshapendwa, na wale wa komite waliotaka mrefu sasa wanasema wao ndio waliomwona kwanza. Jumapili iliyofuata yeye na mkewe walikuja kwetu kula. Mke wangu alichemsha viazi vya Lubudi, tukala kwa mikono, wanawake wakituzidi kelele.